Breki Hupimwa, Hazikisiwi: Mwongozo kwa Mabwana Itaingia wa Bamburi

Kila mtaa wa Bamburi una Bwana Itaingia wake. Utamkuta Kisimani, utamkuta Mtambo, utamkuta Utange: nyundo mkononi, kitu kilichokataa kuingia mbele yake, na vijana wamemzunguka wakingoja kuona nani atashinda. Mpelekee drumu ya breki iliyotoka kwenye gari jingine. Haulizi kipimo. Ataiinua, ataizungusha mara moja, kisha atatoa hukumu: "Itaingia tu." Na mara nyingi huingia. Balaa huja siku gari linapotakiwa kusimama.

Mwongozo huu ni wake, pamoja na jamaa zake wawili. Wa kwanza ni Wakili wa Baraza, ambaye hajawahi kuchafua kidole kwa grisi lakini anajua kosa la kila fundi kuanzia Shanzu hadi Bombolulu. Wa pili ni Mwana wa Picha, ambaye huzipaka drumu rangi nyekundu kabla hajajua kama zina ufa. Nawatania wote watatu kwa kuwa ni watu wangu, na bila wao magari ya kale yangekwisha kuwa skrapu. Lakini jambo lenyewe ni zito: anayetaka kuliongezea gari mbio aliongezee kwanza uwezo wa kusimama, na uwezo huo hupatikana kwa kupima.

Gari tunalolizungumzia

Wamarekani huliita hot rod: gari la zamani lililovuliwa mapambo na kutiwa injini yenye nguvu kuliko ile liliyozaliwa nayo. Mchezo huu ulishamiri kusini mwa California miaka ya 1930, vijana wakishindana kwenye maziwa makavu ya jangwani, na kufikia 1937 walikuwa na chama chao. Walipenda sana Ford za 1932. Ila Henry Ford alikuwa mkaidi wa breki: magari yake yaliendelea kutumia breki za fito na nyaya wakati makampuni mengine yameshahamia breki za mafuta, na Ford zilipata breki za mafuta mwaka 1939. Vijana hawakungoja kushauriwa. Waling'oa breki za Ford za 1939 hadi 1948, drumu na habu zake, wakazivalisha ekseli za magari ya 1932. Wapenda mbio hao walielewa mapema kwamba injini mpya juu ya breki kuukuu ni kuomba msiba.

Kwetu Pwani, gari linaloongoza kwa upasuaji wa namna hii ni Land Rover. Ilianza kuonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, ikaenea Afrika Mashariki yote, na tangu miaka ya 1970 ikawa inaunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland Kenya. Mwili wake wa alumini huvumilia hewa ya bahari, ndiyo maana bado twaziona. Lakini drumu, habu na ekseli ni chuma, na chumvi haisamehi chuma. Tena Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo ile iliyopo ndiyo ya kutunzwa.

Injini yake ya petroli iliyozoeleka, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286, ilikuwa ya upole. Mafundi wetu huitoa na kuweka dizeli ya Toyota, Nissan au Isuzu. Gari lililokuwa likihema njiani kuelekea Kilifi sasa linaruka. Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Kazi hiyo yote hugeuka joto ndani ya drumu. Drumu ikipata joto hutanuka na kuzikimbia shuu, na mguu wako waifuata pedali chini huku lori lililo mbele likizidi kukaribia.

Hatua ya 1: Anza mbele, hata kama ulikuja kwa ajili ya nyuma

Land Rover fupi, ile ya inchi 88 kati ya ekseli mbili, ilitoka na drumu za inchi 10. Ile ndefu ya inchi 109 ilitoka na drumu za inchi 11, na shuu zake ni pana zaidi: inchi 2 na robo badala ya inchi 1 na nusu. Sahani ya nyuma ya breki, shuu na drumu za ile ndefu hufungika kwenye ekseli ya ile fupi. Hapa Bwana Itaingia hupiga kofi la furaha, kwa sababu safari hii ni kweli, itaingia.

Bwana Itaingia, tulia kwanza. Gari likifunga breki, uzito huhamia mbele na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Ukiyapa magurudumu mepesi breki kali kuliko yale mazito, yatakwama kabla ya wenzake, na mkia wa gari utataka kupita mbele. Gari fupi hugeuka upesi zaidi kuliko refu. Mvua ya kwanza ya Aprili, mafuta yaliyomwagika yakielea juu ya lami, itatosha kukuelekeza kwenye mtaro.

Kwa hiyo breki za mbele za 109, ambazo kila gurudumu lina silinda mbili, ndizo zitangulie. Za nyuma zifuate. Masta silinda nayo iwe ya ukubwa unaolingana na silinda za magurudumu, la sivyo itasukuma mafuta kidogo na pedali itashuka hadi sakafuni. Mwenye pesa za ekseli moja tu aanze na ya mbele, na ya nyuma aisubirie mwezi mwingine.

Hatua ya 2: Lizuie gari kabla ya kulipandisha

Wakili wa Baraza atakwambia uvute breki ya mkono, uweke jeki, uanze kazi. Mshukuru, mpe kahawa, usimfuate. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya giaboksi, nayo hushika shafti inayokwenda kwenye difu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliruhusu lile lililo hewani kuzunguka upande mmoja na lile lililo chini kuzunguka upande wa pili. Gari laweza kuondoka juu ya jeki huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Na ukishachomoa hafushafti, gurudumu la upande huo halina tena uhusiano wowote na breki ya mkono.

Weka kabari nene mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Sakafu iwe ngumu na sawa. Mchanga wa Bamburi humeza jeki. Inua ekseli, kisha uishushe juu ya stendi za chuma. Matofali ya matumbawe, hata yakiwa manne, hupasuka bila kutoa taarifa. Mtu yeyote asilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na watoto wanaopenda kuchungulia watafutiwe pa kukaa mbali.

Hatua ya 3: Isikilize drumu, kisha uipime

Drumu ya zamani hununuliwa kwa masikio kwanza. Ining'inize kwa kamba, uigonge kidogo kwa nyundo ndogo. Iliyo nzima hutoa mlio mrefu unaokawia hewani. Yenye ufa hutoa mlio mfupi, uliokufa. Ni jaribio lilelile la mama anayegonga chungu sokoni kabla ya kufungua kibeti.

Baada ya masikio, macho. Tazama uso wa ndani. Madoa ya buluu yanaonyesha palipochomwa na joto. Nyufa ndogondogo zinazokimbilia ukingoni ni kifo cha drumu. Usizitie moto wa kuchomea, kwani chuma hiki cha kumimina hakiungwi kikaaminika tena kwa kazi hii. Ukiona mdomo ulioinuka ukingoni, shuu zimekwisha kula chuma, na kina cha mdomo huo kinakuambia kiasi gani.

Baada ya macho, venia. Pima upana wa ndani sehemu moja, geuza robo mzunguko upime tena, kisha tena. Vipimo vikitofautiana, drumu imekuwa yai, na mguu wako utasikia pedali ikipiga mapigo. Ipeleke kwa fundi wa kukereza. Ipelekwe ikiwa imefungwa kwenye habu itakayokaa nayo, ili duara lipatikane kutoka katikati ya habu yenyewe. Mwambie atoe kidogo iwezekanavyo, na drumu ya kulia na ya kushoto zimalizikie kipimo kimoja. Zikitofautiana, gari litavuta upande kila ukifunga breki.

Kila drumu ina kikomo chake cha kukerezwa, nacho kimeandikwa kwenye kitabu cha gari au juu ya drumu yenyewe. Iliyopita kikomo ni skrapu hata kama yang'aa. Mwana wa Picha, hiyo ndiyo ya kupaka rangi: iweke uani, uipandie mrehani.

Hatua ya 4: Usihesabu tundu peke yake

Makosa mengi ya magari ya kuunga huanzia kwa mtu aliyehesabu tundu za stadi akaridhika. Land Rover ina stadi 5 kwenye duara la milimita 165.1. Ford za kale za Marekani zina stadi 5 kwenye duara la milimita 139.7, na Suzuki ndogo za porini zina 5 kwenye duara hilohilo. Land Cruiser za zamani zina 6, duara lilelile la 139.7. Basi drumu ya Ford ya mwaka 1940 na ya Suzuki zaweza kuonekana ndugu wa tumbo moja, na bado zisifae ekseli moja.

Vipimo vinavyobaki ndivyo vyenye uamuzi. Tundu la katikati lapaswa kukumbatia kitovu cha habu barabara, kwa maana drumu hukaa katikati kwa kitovu hicho. Kina cha drumu nacho kiwe sahihi: shuu zikae ndani kwa upana wake wote, na ukingo wa drumu usisugue sahani ya nyuma. Ukiweka drumu ukaona sehemu ya shuu yachungulia nje, au ukasikia chuma kikikwaruza chuma, jibu limeshatoka.

Bwana Itaingia huwa na tupa mfukoni kwa ajili ya kupanua tundu za stadi. Tafadhali irudishe mfukoni. Tundu lililopanuliwa huiacha drumu ichague pa kukaa. Kama kitovu ni kidogo kuliko tundu, fundi wa kukereza atengeneze pete ya chuma ya kuziba nafasi, ipimwe, ikae bila kucheza. Na stadi zenyewe uziangalie: za zamani zina hesi za Kiingereza, za baadaye zina hesi za milimita. Nati ya moja isilazimishwe kwenye nyingine. Gurudumu lililong'oka karibu na kituo cha matatu haliwaulizi abiria kama wamejiandaa.

Hatua ya 5: Ng'oa bila vita

Hewa yetu hubandika drumu kwenye habu kiasi cha mtu kudhani zimezaliwa pamoja. Nyunyiza mafuta ya kulainisha kutu jioni, uyaache yalale nayo. Asubuhi, legeza kwanza skrubu ya kurekebisha shuu, kwa sababu mara nyingi kinachoishika drumu ni shuu zilizoingia kwenye ule mdomo tuliouona. Toa skrubu 3 zinazoishika drumu. Kama ina tundu lenye hesi, kaza skrubu humo polepole, nayo drumu itajisukuma nje yenyewe. Nyundo ikihitajika, iwe ya mbao au ya mpira, na igonge kuzunguka, si pembeni mahali pamoja.

Aliyebahatika kupata Ford ya kale ajue kwamba habu yake ya nyuma imekaa kwenye shafti iliyochongoka, ikashikwa na ufunguo wa chuma na nati kubwa. Hiyo hung'olewa kwa chombo maalumu cha kuvutia. Nati ilegezwe lakini iachwe kwenye hesi zake, maana habu ikiachia huruka kwa kishindo, na kilicho mbele yake hupigwa.

Hatua ya 6: Habu, beringi, na ile pete isiyokumbukwa

Kwenye Land Rover, fungua bolti 6 za hafushafti, uivute nje, na uwe na karai la kukingia mafuta ya difu. Kunjua washa ya kufungia, toa nati ya nje, washa, nati ya ndani, kisha habu itatoka pamoja na beringi ya nje. Spana ya nati hizi ni boksi ya milimita 52. Iko madukani, na haina gharama ya kumshinda mtu aliyeweza kununua injini. Ukiona nati zimejaa makovu ya patasi, umeshajua aliyekutangulia alikuwa nani.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, ukaushe, kisha uzungushe beringi polepole. Yenye vishimo, doa la buluu au mlio wa mchanga itolewe, na vikombe vyake vilivyo ndani ya habu vitoke pamoja nayo. Beringi na kikombe ni jozi. Vikombe vipya viingizwe kwa kipande cha shaba, kwa zamu, upande huu na upande ule, hadi mlio ubadilike kuonyesha vimekaa.

Sasa sili ya mafuta. Kila mtu hununua sili mpya, kisha baada ya mwezi analaani mwenye duka kwa kuwa yavuja. Sili hulala juu ya pete ya chuma iliyoshindiliwa kwenye mkono wa ekseli. Pete ikishaliwa na kutu au kuchimbwa mfereji, hakuna sili itakayoziba. Ipitishie ukucha: ukucha ukikwama, pete ibadilishwe. Hii ndiyo sababu kubwa ya mafuta kuingia kwenye breki za nyuma, na pete yenyewe ni spea ndogo.

Jaza beringi grisi kwa kiganja, hadi itokee upande wa pili kati ya magololi. Usijaze habu nzima. Grisi iliyozidi itatafuta njia, na njia itakayoipata ni ya kwenye shuu.

Hatua ya 7: Nati mbili na unene wa karatasi

Hapa kazi hutenganisha fundi na mpiga nyundo. Rudisha habu, kaza nati ya ndani huku ukiizungusha habu, hadi uchezaji wote uishe. Kisha ilegeze kidogo, upime kwa saa ya kupimia uchezaji wa kwenda na kurudi. Kitabu cha Land Rover hizi kinataka milimita 0.10 hadi 0.15. Ni unene wa karatasi moja au karibu na hapo. Ikikazwa zaidi, beringi itachemka na kuungua. Ikilegea zaidi, habu itayumba, itaichosha sili na kuipindisha drumu juu ya shuu.

Weka washa ya kufungia, kisha nati ya nje, uikaze. Pima tena, kwa sababu nati ya nje huisukuma ya ndani na kubadilisha kipimo. Kikishatulia, kunja washa upande mmoja juu ya nati ya ndani na upande mwingine juu ya ya nje. Washa iliyokunjwa mara nyingi hukatika, tia mpya.

Wakili wa Baraza atauliza kwa nini upimaji wote huu wakati marehemu fulani alikuwa akikaza kwa mkono tu. Marehemu huyo alikuwa na mkono uliokaza maelfu ya nati, na gari lake lilikuwa na injini ya upole. Wewe una injini ya Toyota. Nunua au uazime saa ya kupimia.

Hatua ya 8: Vumbi la shuu lisipulizwe

Hapa natoa onyo kwa sauti ya juu. Shuu za zamani, hasa zilizokaa ghalani miaka mingi au zilizokuja na ekseli ya skrapu, zinaweza kuwa na asbesto. Vumbi lake likivutwa hukaa mapafuni, na ugonjwa wake waweza kujitokeza baada ya miongo, ukiwemo saratani. Uingereza, zilikotoka Land Rover hizi, ilipiga marufuku asbesto zote mwaka 1999. Usipulize drumu kwa kompresa, usifagie kwa ufagio mkavu, usisugue shuu za kale kwa msasa. Lowesha vumbi kwa maji yenye sabuni, pangusa kwa kitambaa, kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kitupwe. Kijana wa gereji anayejifunza kazi ndiye hupewa kufagia. Kifua chake ni amana mikononi mwa fundi mkuu.

Shuu zilizolowa mafuta hazifai tena. Kuna wanaozichoma kwa petroli hadi moshi uishe, kisha wakazirudisha. Mafuta yaliyo ndani hutokeza tena zikipata joto, na breki hukamata upande mmoja. Ziba uvujaji kwanza, kisha weka shuu mpya kwa jozi, kushoto na kulia pamoja.

Kabla ya kufunga kabisa, paka chaki uso wa ndani wa drumu, irudishe, zungusha huku breki imegusa kidogo, kisha itoe utazame. Chaki ikiwa katikati ya shuu, itazoea yenyewe baada ya muda. Ikiwa kwenye ncha mbili tu, shuu ina duara kubwa kuliko drumu. Itapiga kelele na kukamata ghafla, kwa hiyo ichongwe ilingane na drumu yake. Halafu rekebisha: kaza skrubu hadi gurudumu lishikwe, legeza hadi lizunguke huru.

Kati ya drumu na kitovu cha habu, paka grisi nyembamba sana ya kuzuia kutu. Atakayefungua breki hizo baada yako atakuombea dua, na huenda akawa wewe mwenyewe.

Hatua ya 9: Mafuta ya breki na unyevu wa Pwani

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na Bamburi unyevu ni wa bure. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango chake hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na pedali huzama. Chupa iliyofunguliwa tangu Ramadhani iliyopita isitumike. Wala usitie mafuta ya injini au ya hidroliki. Mpira wa silinda utavimba na breki zote zitaharibika.

Mabomba ya chuma yaliyoota kutu yabadilishwe kwa yale ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kisha hewa itolewe, kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kazi hii ni ya watu wawili wanaoelewana:

"Kanyaga, ami!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia, usiachie hata ukisikia adhana." Nati ya kutolea hewa yafunguliwa, povu latoka, nati yafungwa. "Haya, achia. Tena."

Mtafanya hivyo hadi mafuta yatoke bila povu, na chombo cha juu kisiachwe kikauke katikati ya kazi.

Hatua ya 10: Jaribu kwa adabu

Jaribio la kwanza ni uani, kwa mwendo wa mtu anayetembea. La pili ni barabara tupu alfajiri, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, breki za wastani mara kadhaa huku ukiziacha zipoe katikati. Baada ya hapo simama, sogeza kiganja karibu na kila drumu bila kuigusa. Joto la kushoto na la kulia lifanane. Moja ikiwa moto na nyingine baridi, rudi kwenye skrubu za kurekebisha. Tazama kama kuna mafuta yanayotiririka nyuma ya gurudumu, kaza nati za magurudumu tena, kisha urudi nyumbani. Mteremko wa Mazeras usubiri hadi yote haya yawe sawa. Injini ikishabadilishwa, taarifa zake zibadilishwe pia kwenye mamlaka ya usafiri, NTSA, ili hati ya usajili wa gari iseme kilichomo ndani ya boneti.

Na ufuo wa Pirates si mahali pa kuogeshea Land Rover. Maji ya chumvi yakiingia ndani ya drumu hukaa kwenye shuu na springi, na wiki chache baadaye kazi yako yote imeota kutu. Ikitokea, fungua, osha kwa maji baridi, kausha.

Neno kwa Mwana wa Picha

Nimemwacha huyu mwisho kwa sababu nina tumaini naye. Magari ya Safari Classic, mashindano ya magari ya kale yaliyoanza 2003, yamefika hapahapa Bamburi, kwenye hoteli ya Whitesands, na watu wakajipanga kupiga picha rangi na taa. Mwaka 2015 Stig Blomqvist alishinda na Porsche 911. Miaka 50 kabla yake, 1965, Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally yenyewe kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Gari kuukuu lililoandaliwa na mtu anayejua kila nati iliyomo lilishinda magari mapya.

Basi, Mwana wa Picha, piga picha za venia ikiwa ndani ya drumu. Piga picha ya saa ya kupimia ikisoma 0.12. Andika vipimo vya drumu zako kwenye daftari, tarehe na kilomita, na siku ukiuza gari, daftari liende nalo. Wewe Wakili wa Baraza, ukipita gerejini uliza swali moja tu: "Mumepima?" Nawe Bwana Itaingia, uendelee kuwa na nguvu za mikono, kwa sababu nati zilizoganda zahitaji mtu wa aina yako. Ila kabla ya nyundo, venia.

Barabara ya Malindi ina bodaboda, ina tuktuk, ina wanafunzi wanaovuka na mama anayekaanga viazi karai ukingoni mwa lami. Hakuna hata mmoja wao aliyekubali kushiriki katika majaribio yako. Kabla ya kuuliza bei ya injini nyingine, fungua magurudumu yako manne, pima drumu zote, na zile zilizopita kikomo uzitoe leo.